Beth Gathoni autafuta mwisho wa mchezo wa mumewe

Saa moja kasorobo asubuhi. Meza za kukaushia kahawa bado zimefunikwa nailoni, na juu ya nailoni umande umejaa kana kwamba mtu amemwaga maji makusudi. Beth Gathoni na wanawake wenzake wanashika ncha, wanahesabu mpaka tatu, wanaivuta. Maji yanawamwagikia miguuni. Hakuna anayelalamika, maana hivyo ndivyo siku inavyoanza katika kiwanda hiki kidogo cha kahawa nje ya mji wa Othaya.

Beth anajifunga leso kiunoni, anainama mezani, anaanza kuchagua. Punje iliyovunjika, nje. Punje nyeusi, nje. Ana umri wa miaka sitini na sita na vidole vyake havihitaji kuangaliwa. Ndiyo maana mdomo wake una nafasi ya kufanya kazi nyingine.

"Karani, ninakusalimu kwa mara ya mwisho," anasema kwa sauti, macho yakiwa kwenye kahawa. "Kesho utasalimiana na mizani yako."

Kisha ananyamaza. Kichwa kimeinama upande, kama mtu aliyebisha hodi na sasa anasikiliza kama kuna nyayo ndani. Anangoja. Hakuna jibu. Anaruka hadi sentensi nyingine, anaisema, anangoja tena.

"Mama Duncan, leo pia karani hajakuja kazi?" anauliza Mwende, mwanamke wa Kitui aliyeolewa Othaya na ambaye amesimama meza moja na Beth kwa misimu tisa.

"Hajakuja. Na mshahara anachukua."

Wanawake wanacheka. Beth mwenyewe anacheka, halafu anainua kichwa. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Niko na mtoto alilelewa na watu kumi na mmoja. Kila mtu anajua kiungo kimoja tu. Yule alimjua mzima alishakufa."

Mwende anafikiri. "Ni gari. Na mafundi wake."

"Si gari."

"Basi ni serikali."

"Kwa serikali nani alikufa? Nipe mji."

"Chukua Karatina."

"Karatina nitafanya nini nayo, niko na mitumba ya kutosha. Ongeza."

"Chukua Nyeri yote, na Chuka juu yake. Haya sema."

"Nimeenda Nyeri, nimekunywa chai, nimelala, nimerudi. Huyo mtoto ni Debe la Saba."

Mwende anatikisa kichwa. "Hiyo si kitendawili, Mama Duncan. Hiyo ni shida zako."

Debe la Saba ni mchezo wa kuigiza. Uliandikwa mwaka wa 1985 na Moffat Kihara, mume wa Beth, aliyekuwa karani wa mizani katika kiwanda hiki hiki. Mle ndani kuna mjane anayeleta madebe saba ya kahawa kila wiki, na kila wiki kitabu kinaandika sita. Siku moja mjane anaamua kulifuata hilo la saba aone huwa linakwenda wapi. Waigizaji walikuwa wachumaji na wafanyakazi wa kiwanda. Beth alikuwa mjane. Kijana mmoja mrefu aliyeitwa Wamae alikuwa karani.

Je, Moffat alikuwa akijiandika mwenyewe?

"Aliandika kazi yake," anasema Beth. "Alikuwa anaambiwa andika sita, anaandika sita. Akija nyumbani hali chakula. Nikimuuliza anasema tumbo."

Daftari la mchezo lilikuwa moja tu, na karatasi wakati huo haikununuliwa ovyo. Kwa hiyo kila mwigizaji alinakili maneno yake peke yake. Juu ya kila sentensi yake aliandika maneno matatu ya mwisho ya mtu anayemtangulia, ili ajue zamu yake imefika. Maneno hayo matatu waliyaita mkia.

"Ukisikia mkia, unaruka," anaeleza Beth. "Yale ya katikati ni ya mwenyewe. Wewe huna haja nayo."

Walifanya mazoezi miezi mitano, jioni baada ya kazi, katika bohari la kiwanda. Mchezo ulikuwa uonyeshwe Jumapili, katika ukumbi wa mjini. Ijumaa ikaja barua iliyosema kibali kimefutwa. Jioni hiyo hiyo gari likasimama mlangoni kwa Moffat. Wakachukua daftari, wakamchukua na mwenyewe. Akakaa miezi kumi na minne mahali ambapo mpaka leo Beth hapajui.

Lililofuata ndilo humfanya Beth aache kuchagua kahawa na kuinua mikono yote miwili.

"Tulichoma. Kila mtu alichoma karatasi yake jikoni kwake, hiyo wiki moja. Na hatukuulizana. Mimi nilijua Wamae hawezi kuchoma, huyo alikuwa jasiri, nikasema acha mimi nichome niko na mtoto. Wamae naye akajua mimi siwezi, kwa sababu ni maneno ya bwana yangu. Ati kila mtu alifikiri mwenzake ndiye ameweka. Watu kumi na mmoja! Hakuna hata mmoja aliweka."

Moffat aliporudi hakupewa kazi tena. Alipanda kabichi nyuma ya nyumba, akaziuza sokoni, akafa mwaka wa 1998. Katika miaka hiyo yote hakuutaja mchezo hata mara moja.

"Nilikuwa nangoja aanze yeye," anasema Beth. "Na nafikiri yeye alikuwa anangoja nimuulize. Tukakaa hivyo miaka kumi na moja, tukiongea juu ya kabichi."

Kuna swali moja alilotaka kuuliza. Alhamisi ile, siku moja kabla ya gari kuja, lilifanyika zoezi la mwisho. Beth hakwenda. Mtoto wake wa kwanza, Duncan, ambaye siku hizi anafanya kazi katika shamba la maua huko Timau, alikuwa na miezi minane na surua imemjaa mwili mzima. Moffat alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo Beth hakuwa amemwona nayo tangu waoane.

"Akaniambia, nimebadilisha mwisho. Nikamwambia niambie. Akasema hapana. Wewe utasimama tu, Wamae ndiye ataongea. Utausikia Jumapili pamoja na watu, nataka kuona uso wako."

Jumapili hiyo haikufika.

Mambo haya yangelala yalipolala kama si mazishi. Mapema mwaka huu, mmoja wa waigizaji wa zamani alizikwa huko Othaya, na katika wasifu wake ilisomwa sentensi moja kwamba marehemu aliigiza katika Debe la Saba. Miongoni mwa waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki alikuwamo Anita, mwalimu wa Kiswahili mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Akamuuliza jirani yake hicho ni kitu gani. Akaelekezwa kwa Beth.

"Nilidhani nitapata kitabu," anasema Anita, ambaye humwita Beth cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. "Cucu akanitolea chai. Akasema, kitabu ni mimi, na nina kurasa chache."

Beth alikumbuka sentensi zake zote arobaini na tatu, pamoja na mikia yake. Basi walijua anachosema mjane, na maneno matatu kabla hajafungua mdomo. Mengine yote yalikuwa shimo.

Waliomba kibali cha kuonyesha mchezo. Walijaza fomu, ikapigwa muhuri, wakapewa baada ya siku mbili. Hakuna aliyewauliza chochote.

"Cucu alilia pale pale ofisini," anasema Anita. "Nikawaambia watu ni furaha. Akanivuta mkono akasema, usiwadanganye, si furaha."

Beth analisema mwenyewe, bila kuinua sauti. "Siku mbili. Moffat alikaa miezi kumi na minne kwa kitu cha siku mbili."

Kati ya waigizaji kumi na mmoja, wanne ndio walio hai. Mmoja ni mzee wa kanisa huko Timau, na alisema kupitia simu kwamba hayo aliyaacha alipookoka. Mwingine, wa Karatina, alikumbuka wimbo wa wachumaji, ubeti mmoja na nusu. Wa tatu ni Beth. Wa nne ni Wamae, yule yule karani, ambaye sasa anaishi Mwea kwa binti yake Wendy.

Mwezi wa Julai Beth na Anita walimfuata. Walimkuta amekaa kando ya turubai lililoanikwa mpunga, fimbo mkononi, akifukuza kuku. Ana miaka sabini na minne. Hakumtambua Beth. Alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa.

Beth hakubishana naye. Alisimama mbele yake, akanyoosha mgongo, akasema sentensi ya mwisho ya mjane, ile ambayo baada yake karani ndiye humaliza mchezo.

"Akaweka fimbo chini," anakumbuka Anita. "Akasimama bila kusaidiwa. Akapeleka mkono sikioni, akatoa kalamu ambayo haiko. Akaiangalia. Akainama akaiweka chini polepole. Halafu akafungua mikono, kama mtu anabeba gunia, na midomo inaenda, inaenda. Lakini sauti hakuna."

Beth alimsogelea mpaka karibu wagusane vipaji vya uso. Hakusikia kitu ila pumzi. Kisha Wamae akakaa, akachukua fimbo yake, akaendelea na kuku.

"Baba hufanya hivyo siku nyingi," Wendy aliwaambia. "Sisi tulidhani anaomba."

Walirudi Othaya, wakakaa majuma mawili bila kuonana. Kisha Anita akapata jina lingine kanisani. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeusikia mchezo wote kuanzia mwanzo, kila jioni, kwa miezi mitano. Mtu huyo hakuwa mwigizaji. Alikuwa askari.

Barnabas Khavere alitoka Vihiga akiwa kijana, akapelekwa kiwandani Othaya avae ovaroli na ajifanye fundi wa mashine ya kumenya kahawa. Leo ni mstaafu wa miaka sabini na moja, anafuga kuku wa mayai pembeni mwa mji wa Nyeri.

"Tulimjua siku ya kwanza," anasema Beth. "Fundi gani anakaa kando ya mashine na hataki grisi imguse? Viatu vinang'aa unaweza kujiona. Tukawa tunamletea chai tu."

Walimtembelea Jumamosi moja ya Septemba. Alikuwa amevaa koti.

"Karibu, mama," alisema.

"Nimekaribia, afande. Leo sikubeba chai."

Mzee alitazama chini. "Chai yenu ilikuwa na sukari mingi."

"Ni Moffat alisema tukuwekee mingi. Alisema labda utalala."

Khavere alicheka, na Beth akacheka, na Anita anasema hajawahi kusikia kicheko kilichomtia baridi namna hiyo. Kisha mzee akaingia ndani, akatoka na kijitabu chenye jalada la bluu. Ripoti yenyewe aliipeleka kwa wakubwa wake. Hiki kilikuwa kile cha mfukoni, alichoandikia upesi upesi, na hakuwahi kukitupa wala hajui kwa nini.

Alivaa miwani akawasomea. Mle ndani mlikuwa na sentensi kumi na saba za Debe la Saba, kila moja imepigwa mstari chini. "Mizani hii imeshiba kuliko watoto wangu." "Tunaleta saba, kitabu kinasema sita. Kwani la saba lina miguu?" Alipomaliza ya kumi na saba alifunga kijitabu.

"Na zingine?" Beth aliuliza.

"Ni hizo tu, mama. Nilitumwa nisikize makosa. Yale mazuri sikuandika."

Beth akamwomba afungue siku ya Alhamisi, zoezi la mwisho. Khavere hakutaka. Beth akangoja. Mwishowe mzee akafungua, akamgeuzia kijitabu ajionee. Juu palikuwa na tarehe na saa. Chini yake maneno haya: Waliohudhuria kumi, mwanamke hayupo. Baada ya hapo ukurasa ulikuwa mweupe.

"Mwanamke ni mimi," anasema Beth. "Nikamuuliza, mbona hapa hakuna kitu? Akasema, nilisahau kuandika. Nikamwambia afande, miezi mitano hukusahau hata siku moja, usahau hii? Akaniambia, nilikuwa nasikiza, mama."

Khavere mwenyewe hakatai. Akihojiwa nyumbani kwake, anajibu kwa Kiswahili cha askari, sentensi fupi fupi, akiangalia banda la kuku.

"Yule karani alisema maneno. Ninakumbuka nilitoka nje, nikasimama kando ya tangi la maji mpaka uso ukauke. Maneno yenyewe yamepotea. Kesho yake asubuhi mkubwa wangu akaniuliza mwisho ulikuwaje. Sikuwa na kitu kwa karatasi. Nikasema mwisho ni mbaya sana, afande. Ilibidi niseme kitu. Basi jioni wakatuma gari."

Je, alimwambia Beth hilo?

"Nilimwambia. Hakunilaani. Aliniuliza kama niko na maji ya kunywa."

Tangu siku hiyo mazoezi ya kuuonyesha mchezo upya yameendelea, lakini Beth hayafanyi kwa moyo wa zamani. Vijana wanaocheza ni tisa, wengi wao wamemaliza kidato cha nne na hawana kazi. Siku Anita alipowasomea zile sentensi kumi na saba, walitazamana. Kim, kijana anayecheza karani, ndiye aliyesema.

"Cucu, hii tu? Ndiyo ilifungiwa?"

"Ndiyo hiyo."

"Mimi huandika kali kuliko hii kwa simu kila asubuhi. Na hakuna mtu hunishika."

"Na kuna mtu hukusikiza?" Beth alimuuliza.

Kim alitia simu mfukoni. Kusema haki, amejifunza sehemu ya karani kuliko wote, ile iliyopatikana.

Vijana walitaka kuandika mwisho wao. Anita alimletea Beth kurasa tatu, zimepigwa chapa vizuri. Beth alizisoma mara mbili, akazikunja, akamrudishia. "Ni tamu," alisema. "Wekeni kwa mchezo wenu. Huu ni wa mtu."

Kuna jambo lingine ambalo hakumwambia Anita kwa muda. Kuchagua kahawa kunampa Beth shilingi mia nne kwa siku, na ni kazi ya msimu tu. Duncan amemwambia mara nyingi aache, aende Timau akapumzike. Hawezi. Nyumbani, peke yake, akisema maneno ya mjane yanachanganyika. Hapa mezani yanatoka kwa mpangilio, kwa sababu mikono inaenda.

"Mwanzo wa mwaka zilikuwa arobaini na tatu," anasema, na sasa anaongea chini, ili Mwende asisikie. "Leo ni arobaini na moja. Mbili zimeenda. Mikia yake iko, lakini nikiruka, najikuta hewani. Najua Wamae alianza kusahau hivi hivi."

Jua limepanda. Wanawake wanageuza kahawa kwa viganja, meza baada ya meza. Beth anageuza pamoja nao, na anaeleza mpango wake kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali ambapo haamini kwamba atafika.

Ukumbi wa Othaya umekodiwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Desemba imechaguliwa kwa sababu. Khavere alipobanwa na Beth, alikumbuka kwamba Alhamisi ile dirisha la bohari lilikuwa limejaa watoto waliopandana mabegani kuchungulia. Walikuwa wa miaka saba, minane. Leo wanakaribia hamsini, wako Nairobi, wako Thika, wengine ng'ambo. Desemba hurudi nyumbani kuona wazazi.

Mchezo utachezwa kwa vipande vilivyopo, mpaka pale mjane, ambaye bado ni Beth, anaposema sentensi yake ya mwisho. Hapo Kim atatoa kalamu sikioni, ataiweka chini, atafungua mikono, kama alivyofanya Wamae, bila kusema neno. Kisha Beth atashuka jukwaani, asimame mbele ya watu, na kuwauliza nani alikuwa dirishani.

Kama hakuna atakayesimama?

Beth anaokota punje nyeusi, anaitazama, anaitupa nje. "Hakuna atasimama. Mtoto wa miaka saba atakumbuka nini? Atakumbuka alifukuzwa dirishani. Mimi mwenyewe nimewaambia hawa vijana, msiwe na matumaini." Anaokota punje nyingine. "Lakini nilikataa wakodishe kwa saa moja tu, vile walitaka. Nimelipia kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili."

Mchezo wenyewe, kwa hesabu ya Anita, sasa unachukua dakika thelathini na tano.

"Najua," anasema Beth. "Hayo masaa mengine ni ya kungoja."